Vyungu vya Nyungunyungu vya Tusekile

Tusekile alipoletwa mwambao wa Ziwa Nyasa kuwa mke wa Angetile, ziwa halikumshangaza sana. Alikuwa ameliona kwa mbali tangu utotoni, siku ambazo mawingu yalikuwa yameondoka juu ya vilima vya kwao Busale. Kilichomshangaza ni mchanga. Kwao ulipochoma jembe mahali popote, hata nyuma ya zizi, udongo ulitoka mweusi na mzito, na ndani yake nyungunyungu walijikunja kwa hasira ya kuamshwa. Huku jembe lilitoka safi kama limelambwa. Wiki ile ya kwanza alichimba kuizunguka nyumba nzima, akitafuta pa kupanda machipukizi ya migomba aliyokuja nayo, mpaka mama mkwe wake akamwonea huruma.

"Mwanangu, pumzika," alimwambia. "Huo mchanga hata jumbe hauamrishi."

Hiyo ilikuwa miaka ile ambayo Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao juu milimani, na meli yao ya moshi ilikuwa ikitia nanga Mwaya. Angetile alikuwa mmoja wa vijana waliokata kuni za meli hiyo. Aliondoka Jumatatu alfajiri, akarudi Jumamosi jioni akinuka moshi na utomvu. Siku zote za katikati Tusekile alibaki na wakwe zake wawili, karibu na mahali mto Lufilyo unapoingia ziwani, katika kijiji cha wavuvi na wafinyanzi.

Mama mkwe, Anyisile, alikuwa mfinyanzi. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa kucheka, na mikono yake ilikuwa na udongo hata siku za Jumapili. Tusekile alimpenda tangu siku ya kwanza. Baba mkwe, Mzee Asegelile, alikuwa mvuvi wa ndoano, naye Tusekile hakuweza kusema kama anampenda au hampendi, kwa sababu hakuwahi kumwona.

Ndivyo alivyolelewa. Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, wala hataji jina lake. Akimsikia anakuja, anajifunika nguo au anapita njia nyingine. Wakwe zake, ingawa watu wa mwambao hawakuwa wakali hivyo, waliiheshimu desturi aliyokuja nayo. Wakajenga ua wa matete kati ya nyumba mbili, wakatengeneza njia mbili za kwenda mtoni, na Mzee Asegelile akazoea kukohoa kila alipokaribia, ili binti apate nafasi ya kuingia ndani. Wageni waliopita kijijini walimpa pole kwa kifua. Mzee hakuwa na kifua. Alikuwa na mkamwana.

Kwa hiyo Tusekile alijua kikohozi chake, na alijua sauti yake nyuma ya matete. Mara mojamoja, alipochungulia chini ya ua akiokota kitu, alijua pia visigino vyake vilivyopasuka kama magome.

Mzee huyu alivua kambale kwenye mdomo wa mto. Nyavu na mitumbwi alikuwa amewaachia wenye mabega mapya. Yeye alikaa juu ya jiwe lake na mshipi mmoja. Kambale wa mahali pale walikuwa wakubwa na wachaguzi, na walichokitaka ni nyungunyungu. Mvua zilipokuwapo hakukuwa na shida, kwani kingo za mto zilijaa. Lakini kiangazi kilipokolea, nyungunyungu waliobaki walizama chini kusikofikika, na mzee ilimbidi apande bara hadi kwenye migomba ya watu. Magoti yake yalilalamika njia nzima. Wenye migomba nao walilalamika, kwa sababu hakuna anayependa kuona mtu akichimba kwenye mizizi ya mgomba wake.

Alasiri moja ya kiangazi hicho cha kwanza, Tusekile akiwa anatwanga, alimsikia mzee akirudi. Hakukohoa. Alikaa upande wa pili wa ua na kushusha pumzi.

"Umepata?" mkewe alimuuliza.

"Nimefukuzwa. Mwenye shamba amechukua kibuyu changu akawamwaga wote chini, mbele ya watoto. Akasema mtu mzima anayetembea na minyoo kiunoni ana lake jambo. Umri huu, Anyisile. Kwa ajili ya minyoo."

Tusekile aliacha mchi wake ndani ya kinu. Hakumjua mtu huyo sura, lakini alijua alivyokohoa asubuhi na jioni kwa ajili yake, bila kuchoka. Moyo ulimuuma kama mtu aliyesikia baba yake mzazi akitukanwa.

Usiku ule alilala akifikiria lundo la samadi la kwao. Kila asubuhi wanawake wa Busale hufagia mavi ya ng'ombe nyumbani na kuyatupa nyuma, kwenye migomba, pamoja na maganda ya ndizi. Chini ya lundo hilo, hata kiangazi kiwe kikali namna gani, hapakosi ubichi, na hapakosi nyungunyungu. Hawakwenda popote. Walikuwa na chakula, walikuwa na kivuli, wangekwenda wapi?

Kulipokucha alimwendea mama mkwe kwenye kibanda chake cha kufinyangia.

"Mama, naomba chungu kilichopasuka."

"Cha kuwekea nini?"

"Cha kufugia nyungunyungu."

Anyisile aliweka chini bonge la udongo alilokuwa akilikanda. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa vimechafuka.

"Nimesikia watu wakifuga ng'ombe," alisema. "Nimesikia kuku. Hao wako utawachunga wapi?"

"Mama, baba hatakwenda tena kwenye migomba ya watu."

Hapo Anyisile aliacha kucheka. Alisimama, akaingia nyuma ya kibanda, na akarudi akiviringisha chungu kikubwa cha maji chenye ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. "Hiki moto ulikikataa," alisema. "Chukua."

Tusekile akaenda Busale kumsalimu mama yake. Alirudi na mzigo wa ajabu kichwani: nyungunyungu wamefungwa ndani ya majani ya migomba pamoja na udongo wao. Njiani aliokota mavi ya ng'ombe, mabichi kabisa, akidhani anawatendea wema. Alivichanganya vyote chunguni, akakiweka kwenye kona ya nyumba, akalala na furaha.

Asubuhi nyungunyungu walikuwa kila mahali isipokuwa chunguni. Walikuwa ukutani na juu ya mkeka, na wengine walikuwa wamekwisha kukauka mlangoni. Alipotia mkono ndani ya chungu aliutoa haraka. Samadi mbichi ilikuwa imechemka yenyewe kama uji jikoni. Aliokota wale waliobaki hai mmoja mmoja, akiwaomba radhi.

Mara ya pili alitafuta samadi ya zamani, iliyokwisha kupoa na kuvunjika mkononi, akailowesha maji kidogo. Hapo akapatia. Lakini akaona kwamba mwambaoni matumbo ya samaki ni mengi kuliko maganda ya ndizi, akawapa hayo. Baada ya siku chache Anyisile alihamisha kazi yake ya ufinyanzi upande wa pili wa kijiji.

"Mwanangu," alisema akiwa ameziba pua, "mzoga unaomfugia mzee ni wa nini?"

Akasafisha, akaanza tena. Mara ya tatu walikuja siafu. Waliingia kwa mstari kupitia ule ufa, na walipoondoka chungu kilikuwa kimenyamaza kabisa. Siku hiyo Tusekile alikaa chini akalia kidogo, kisha akaona aibu kulilia minyoo, akainuka. Alichukua bakuli kubwa la udongo, akalijaza maji, akaweka mawe katikati, na juu ya mawe akaweka chungu. Siafu wangeogelea kama wanaweza. Akafunika juu kwa majani ya migomba yaliyoloweshwa. Akawalisha maganda na vipande vya shina la mgomba lililooza, ambavyo Anyisile alivipata bara alipokwenda kubadilisha vyungu kwa ndizi. Chakula kipya hakukiweka kabla cha zamani hakijaisha. Maji yaliyozidi yalivuja kwenye ufa, na Tusekile akaelewa kwamba ufa ule ulikuwa baraka. Chungu kizima kingewazamisha.

Nyungunyungu wakakaa. Mvua zilipoanza kukatika aliona katikati ya samadi vitu vidogo vya mviringo, vya rangi ya manjano, kama punje za ulezi. Alimwita mama mkwe. Waliinama wote wawili, vichwa vikigusana, na walipokuwa wakitazama punje moja ilipasuka na uzi mwembamba mweupe ukajitoa nje.

"Wamezaa," alisema Anyisile kwa sauti ya chini, kama yuko kwenye nyumba ya mama aliyejifungua.

Kiangazi cha pili kiliwakuta na vyungu vingi vya ufa vilivyopangwa nyuma ya nyumba, kila kimoja kwenye bakuli lake la maji. Asubuhi moja Tusekile alijaza kibuyu nyungunyungu wanene na udongo wao, akakiweka katikati ya njia ya mzee, akarudi nyuma ya ua. Kisha akakohoa. Siku hiyo aliyekohoa ni yeye.

Alisikia visigino vikisimama. Alisikia kifuniko cha kibuyu kikifunguliwa.

"Anyisile," mzee aliita hatimaye, ingawa mkewe alikuwa mbali akichimba udongo na yeye alilijua hilo. "Kuna mtu ameangusha kitu chake hapa. Nitakitumia, halafu nitamrudishia."

Jioni alirudi na kambale ambaye mkia wake uliburutika mchangani. Kichwa, ambacho ndicho kitamu, alikiweka juu ya jani karibu na ua, upande wa Tusekile. "Ndaga," aliyashukuru matete, na matete hayakujibu, ila nyuma yake mtu alikuwa akitabasamu mwenyewe.

Tangu hapo walianza kuzungumza kupitia kwa Anyisile. Mzee akiwa upande huu na Tusekile upande ule, hatua chache tu kati yao, Anyisile aliketi kwenye mwanya wa ua kama mkalimani wa boma.

"Mwambie mtu fulani kwamba wale wa chungu cha mwisho ni wembamba," mzee alisema.

"Anasema wembamba," alisema Anyisile.

"Mwambie baba bado ni watoto. Awaache mpaka mwezi uandame."

"Anasema watoto."

"Nimesikia," alisema mzee. "Mwambie nimesikia."

Mambo yalikuwa mazuri hivyo mpaka mtoto wa jirani alipougua.

Jirani huyu aliitwa Naomi. Alikuwa mwanamke mwema, mmoja wa waliobatizwa mwanzo pale kijijini, na hakuwa na tabia ya kuzushia watu. Lakini binti yake mdogo alivimba tumbo, akakataa chakula, na siku moja akatoa mnyoo mrefu mweupe. Naomi alikuwa amewahi kumwona Tusekile akitia mkono chunguni. Alikuwa amemsikia akiwasemesha waliomo, akiwaambia wale na watulie. Mama mwenye mtoto mgonjwa hachelewi kuunganisha mambo. Alimwambia dada yake, dada yake akamwambia mumewe, na habari ilipofika mwisho wa kijiji nyungunyungu walikuwa wamekuwa majoka, na Tusekile alikuwa akiyatuma matumboni mwa watoto.

Jumbe wa kijiji, Ambilikile, alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe kabla ya chakula. Aliita watu wakusanyike uani kwa Mzee Asegelile, akaamuru chungu kimoja kiletwe katikati. Watu walikaa mbali nacho.

Hapo likatokea tatizo ambalo jumbe hakulitarajia. Mshtakiwa hawezi kujibu bila kuwapo, na mwenye nyumba hawezi kukosekana kwenye shauri la nyumba yake, lakini wawili hao hawawezi kuonana. Walijadiliana sana. Mwishowe wanawake wawili wakashika mkeka wakausimamisha kama ukuta, Tusekile akaketi nyuma yake, na Anyisile akaketi ukingoni ili apeleke maneno.

"Muulize," alianza jumbe, "chunguni kuna nini?"

"Anauliza chunguni kuna nini," alisema Anyisile.

"Nyungunyungu," ilijibu sauti ya nyuma ya mkeka.

"Anasema nyungunyungu."

"Nimesikia, mama. Wote tumesikia. Muulize anawasemesha kwa nini."

"Anauliza unawasemesha kwa nini."

"Mume wangu yuko Mwaya wiki nzima," alisema Tusekile. "Na mama yuko kwenye udongo wake. Nimsemeshe nani?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Naomi hakucheka. Alisimama, amembeba mtoto mgongoni. "Mimi sina ugomvi na yeye," alisema. "Namwomba tu, kama ni yeye, aondoe alichokiweka. Mwanangu anakwisha."

Maneno hayo yalimgusa kila mtu. Hata jumbe alitazama chini. Tusekile nyuma ya mkeka alishika kichwa chake, kwa sababu angeweza kubishana na mtu mbaya, lakini Naomi alikuwa akimwomba.

Mzee Asegelile ndiye aliyeinuka. "Jumbe," alisema, "mimi nimewashika viumbe hawa maisha yangu yote. Kama wanaingia matumboni, mimi ningekuwa nimejaa mpaka shingoni." Akakiendea chungu, akatoa majani ya juu, akakiinamisha. Nyungunyungu na udongo wao mweusi wakamwagika juu ya mchanga mbele ya watu wote.

Watu wakarudi nyuma. Lakini kuku wa kijiji hawakurudi nyuma. Walikuja kutoka pande zote wakikimbia, mabawa wazi, wakiongozwa na tetea mmoja mwekundu wa jumbe mwenyewe, na kabla mtu hajasema kitu walikuwa wamekwisha kuanza kula.

Tusekile alisikia midomo ikidonoa, akajua ni nini. Kazi ya mvua nzima ilikuwa ikiliwa. Alisahau mkeka. Alisahau jumbe. Aliruka akapita kati ya wale wanawake wawili, akapiga magoti mchangani, akawa anafukuza kuku kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaokota nyungunyungu na kuwarudisha chunguni. Upande wa pili wa chungu kulikuwa na mtu mwingine amepiga magoti akifanya vilevile. Mikono yao ilikutana juu ya nyungunyungu mmoja mnene. Tusekile akainua uso.

Alikuwa ni Angetile, aliyeongezewa ndevu nyeupe. Hivyo ndivyo alivyoona. Macho yaleyale ya upole, paji lilelile, hata ule mdomo ambao ulikuwa daima kama unataka kucheka. Muda wote huo alikuwa akimkimbia mtu ambaye sura yake alilala nayo kila Jumamosi.

Wazee waligeuza nyuso pembeni. Kuku peke yao waliendelea.

Mzee Asegelile alivuta nguo yake akajifunika uso polepole, kama inavyostahili. Lakini mikono yake haikuacha kuokota. Na kutoka chini ya nguo ilisikika sauti yake: "Anyisile, mwambie mtu fulani kuna wawili wameingia chini ya mguu wake wa kushoto."

Anyisile alifungua kinywa apeleke ujumbe, akashindwa. Alianguka ubavu akicheka. Wale wenye mkeka wakaangusha mkeka. Jumbe alijaribu kukaza uso kama inavyompasa jumbe, lakini tetea wake alikuja na nyungunyungu mdomoni akapita katikati ya miguu yake, na hapo naye akashindwa. Hata Naomi, machozi mashavuni, alikuwa anacheka bila kutaka.

Walipotulia, jumbe alimnyooshea kidole yule tetea. "Huyu," alisema, "amenilia mtama wangu mwaka mzima na kila kibaya akikiona anakikimbia. Nyoka hali. Hata jongoo hali. Hawa amewala kama harusini. Mimi sioni uchawi hapo." Kisha akamgeukia Naomi, na sauti yake ikawa nyingine. "Mtoto tumpeleke Ipyana, kwa wamisheni. Wana dawa ya tumbo. Nitatoa mtumbwi."

"Mimi nitakwenda naye," alisema Tusekile, bado amepiga magoti.

Akaenda kweli. Walipiga makasia kando ya ufuo, kisha wakatembea, Naomi akimbeba mtoto na Tusekile akimpokea Naomi alipochoka. Huko Ipyana mtoto alipewa dawa chungu sana, na siku zilizofuata alitoa minyoo mingine kama ule wa kwanza. Naomi alimwita Tusekile aje kuitazama. Ilikuwa myeupe, laini, haina pingili, haifanani na nyungunyungu hata kidogo. Waliitazama pamoja kwa uchungu na kwa uangalifu.

"Hao si wako," alisema Naomi.

"Si wangu," alisema Tusekile.

"Nimekukosea."

"Ungekuwa mtoto wangu, ningesema kama ulivyosema wewe." Wakarudi nyumbani wamekuwa marafiki, na mtoto akiomba ndizi njia nzima.

Lile la kuonana na baba mkwe nalo lilibidi liwekwe sawa. Wazee walikubaliana kwamba wawili hao wale kitu pamoja mbele ya watu, ili lililovunjika lisilete kisirani. Jumbe akamtoa yule tetea mwekundu, akisema hakuna anayestahili zaidi. Mzee alikula ameelekea ziwani na Tusekile alikula ameelekea milima ya Ukinga, migongo ikikaribia kugusana. Katikati ya chakula mzee alisema, bila kutaja jina la mkewe wala la mtu mwingine yeyote, "Nyama ni ngumu."

Tusekile alisubiri Anyisile apeleke neno. Anyisile alikuwa akijishughulisha na mfupa wake.

"Ni ngumu, baba," alijibu hatimaye.

Basi ikawa hivyo. Macho yalibaki na heshima yake, lakini sauti ziliruhusiwa. Angetile aliporudi Jumamosi ile akiwa hajui lolote, alimkuta mkewe upande mmoja wa ua na baba yake upande mwingine wakibishana kuhusu shina la mgomba, kama lioze kwanza au liwekwe bichi. Aliweka shoka lake chini akasimama tu. Alipomuuliza mama yake kuna nini, mama yake alimwambia aende akaoge kwanza, maana habari yenyewe ni ndefu.

Anyisile naye akaingiwa na fikra. Vyungu vya ufa haviji kila siku, na mfinyanzi hodari haombi vyungu vyake vipasuke. Kwa hiyo alianza kufinyanga vyungu vya nyungunyungu makusudi, vipana, vyenye matundu madogo chini, kila kimoja na bakuli lake la kukalia. Alivipeleka Mwaya kwa mtumbwi pamoja na vyungu vyake vya kupikia. Mwanamke mmoja wa Ikolo alinunua kimoja bila kuuliza, na wiki iliyofuata alikuja amekasirika kwamba uji wake wote ulimwagikia motoni. Anyisile alimketisha, akamweleza. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akauliza hao nyungunyungu wenyewe anawapata wapi. Huyo ndiye mgeni wa kwanza kuja kwa Tusekile kujifunza. Wengine walimfuata, hasa wake wa wavuvi, na Naomi alikuwa akiwaonyesha pale Tusekile alipokuwa shambani.

Maana kwa sasa alikuwa na shamba. Udongo mweusi uliobaki chini ya vyungu, ule ambao nyungunyungu walikuwa wamekwisha kuumaliza, aliuzika kwenye mashimo mchangani, na katika kila shimo alipanda chipukizi la mgomba. Watu wa mwambao walipita wakitikisa vichwa. Migomba ilisimama muda mrefu bila kuamua, kisha, kwa mvua za mwaka uliofuata, ikaamua kukua. Majani yake yalifunika ua wa matete, na mikungu ya kwanza ilikuwa midogo lakini mitamu, na Tusekile aligawa ndizi kijiji kizima, hata kwa wale waliotikisa vichwa.

Magoti ya Mzee Asegelile yalimshinda kabisa miaka michache baadaye, na jiwe la kuvulia akamwachia mwingine. Akahamishia kigoda chake kwenye kivuli cha migomba, upande wake wa ua, akajipa kazi ya kulinda vyungu dhidi ya kuku. Akawa mkali kuliko mwenye vyungu. Tusekile alipokuja na maganda mikononi, alisikia kikohozi, kisha sauti.

"Wamekula jana."

"Kidogo tu, baba."

"Unawadekeza. Kesho watataka nyama."

Tusekile alisubiri mpaka asikie pumzi ya mzee imekuwa ndefu na yenye kukoroma. Kisha alipenyeza mkono kwenye mwanya wa ua, akaweka ndizi mbivu pembeni ya kigoda, na kuwapa nyungunyungu wake maganda.